Mikono Miwili ya Sufuria ya Mama Mkwe

Alhamisi, 6 Juni 2024

Mama mkwe amefika kutoka Mulungwishi na sufuria yake kubwa. Jumamosi atanipikia yeye mwenyewe, nile mbele yake, na buko iishe — ile heshima ya wakwe. Tangu ndoa sijala machoni pake wala kumsemesha. Nikimwona hapa mtaani kwetu, Kikula, navuka barabara. Nimechoka kuvuka barabara!

Sufuria haina mikono ya kushikia. Nimejitolea kuiwekea mipya — kupitia mke wangu Berthe, bila shaka. Ya bakelite, ile plastiki ngumu. Mimi ni fundi umeme, hiyo naijua.

Ijumaa, 7 Juni

Leo nimemhubiria Berthe habari za bakelite. Mbelgiji mmoja aliibuni huko Amerika, zaidi ya miaka mia sasa. Alichukua fenoli na formalini, vitu viwili vinavyonuka, akavipika kwa joto na shinikizo. Ikishakuwa ngumu, basi. Haipitishi umeme, hailainiki tena hata uibembeleze. Kama mama mkwe — hilo sikulisema.

Akauliza kama nimeipima. Nimeipima! Kazadi wa sokoni aliniuzia mikono miwili myeusi, nikachoma mmoja kwa sindano ya moto. Haukuyeyuka hata kidogo. Wa pili nikauacha. Kazadi alisema ni mapacha, na mimi nilikuwa na haraka ya kuifunga kwenye sufuria.

Jumamosi, 8 Juni

Harufu! Mimi sebuleni na shati jeupe, mama mkwe uani kwenye babula, jiko letu la makaa, kati yetu pazia. Berthe ameenda kuchota maji. Hii si bakelite. Ni mkono wa pili, unayeyuka!

Siwezi kutoka. Siwezi kumwita. Nilikohoa, nikakohoa tena kama mwenye kifua kikuu. Mwishowe nikamwambia jogoo wetu amwonye anayepika asishike upande wa kushoto.

Halafu mama mkwe akamjibu jogoo kwamba ameshachelewa, mkono umeangukia ndani.

Berthe amerudi. Ameniwekea sahani iliyofunikwa.

— Mama anasema, kama iko bakelite ya kweli, ukule bila woga.

Ameenda kumwita aje anione nikila. Nimeinua kifuniko kidogo. Bukari, ugali wetu. Kuku. Na juu ya paja la kuku, kitu cheusi kimejikunja.

Nikikataa sahani, nimekataa buko kuisha. Naogopa, na nina njaa ya miaka yote hiyo. Nasikia viatu vyake. Pazia linasogea —