Kijino cha Mbele cha Bastola ya Baba Neema

Jumapili, Novemba 2006. Peckham, London. Manyunyu tangu asubuhi, mawingu yameshuka mpaka kwenye paa za estate yetu, na moyo wangu ni mzito.

Leo nimeshika bastola.

Naandika hivyo nijisome mwenyewe, kwa sababu bado siamini. Mimi, mtoto wa Uvira, niliyeapa kwamba chombo hicho hakitavuka mlango wangu, nilikaa jikoni kwangu baada ya ibada, gauni la kanisani bado mwilini, nimekishika juu ya taulo kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Niseme vizuri, wasije watu wakadhani tumeanza ujambazi. Ni bastola ya upepo, ya mchezo wa shabaha. Inarusha kipande kidogo cha risasi kinachotoboa karatasi. Mume wangu, Baba Neema, ni Mtanzania wa Morogoro. Alijifunza kulenga kwenye mgambo akiwa kijana, na alipofika London miaka ya tisini akajiunga na klabu ya wazee fulani wa Kiingereza. Wakati ule walikuwa na bastola zenyewe. Sheria ilipokuja kuzipiga marufuku, wenzake wakazisalimisha polisi wakahamia kwenye hizi za upepo, naye akahama nao. Kila Jumamosi anakwenda. Ndiyo starehe yake pekee. Hanywi, hachezi kamari, hana maneno mengi. Tulipooana tulikubaliana: klabu sawa, nyumbani hapana. Miaka yote bastola imelala kwenye kabati la klabu, na mimi nimelala usingizi wangu.

Sababu yangu anaijua. Wakati wa vita kule Uvira mwanajeshi mmoja aliingia kwetu, akaketi mezani, akaweka bastola yake pembeni ya sahani, akamwambia mama ampikie. Mama akapika ugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu. Yule mtu akala taratibu, akaomba chumvi, akasema asante. Hakutugusa, akaondoka. Watu wakisikia habari hii huniuliza, basi, ndiyo hiyo tu? Ndiyo hiyo tu. Lakini mama hakuketi tena kwenye meza ile mpaka siku tulipoikimbia nyumba, na mimi hadi leo kisu nakiweka mbali na sahani.

Sasa habari ya mkono.

Tangu kiangazi mkono wa kulia wa Baba Neema unatetemeka. Kikombe cha chai kinagonga kisahani. Vifungo vya shati namfungia mimi, na tunajifanya ni mapenzi. Kazi yangu ni care home, nawaogesha wazee, nimeona mikono ya aina hiyo inakoanzia na inakoishia. Nimemwambia aende kwa GP, daktari wetu wa mtaa, mpaka ulimi umeota sugu. Anasema ni baridi. Anasema ni uchovu wa kubeba maboksi ghalani.

Halafu kule klabu akaanza kukosa. Mtu aliyekuwa akitoboa katikati ya karatasi, risasi zake zikawa zinatawanyika ovyo. Akarudi na neno jipya: kijino cha mbele kimepinda. Kijino ni kile kipande kidogo cha chuma kilichosimama juu ya ncha ya mtutu, unachokitazama unapolenga. Kimeshikiliwa na pini nyembamba iliyopita ubavu hadi ubavu. Akaagiza kipya. Wiki hii tukagombana kweli kweli, na mwisho wa ugomvi tukapatana hivi: mimi nimruhusu akibadilishe nyumbani, maana hataki wazee wa klabu wauone mkono wake ukihangaika na pini. Naye, akipiga Jumamosi na kijino kipya na bado akakosa, atakwenda kwa GP bila ubishi.

Nikakubali. Kwa hilo la GP ningekubali hata kifaru kiegeshwe sebuleni.

Basi leo akaileta mezani. "Weka taulo kwanza," nikamwambia. "Ku meza yangu hailale wazi hivyo." Akatandika taulo. Akafungua mtutu, akanionyesha mwanga unaotokea upande wa pili, kwamba hamna kitu ndani. Mwanga niliuona, na bado nikarudi nyuma hatua moja. Neema, binti yetu, akapita kuchukua juisi, akasema, "Mum, it's not even a real one," kwamba hata si ya kweli, akarudi chumbani kwake. Yeye amezaliwa hapa. Sikumlaumu, nilimwonea wivu.

Pini inataka nafasi ya kudondokea, kwa hiyo Baba Neema akaazima kinu changu kidogo cha kutwangia vitunguu saumu, akaulaza mtutu juu ya mdomo wa kinu. Cha kusukumia kilikuwa msumari alioukata ncha. Akaushika kwa mkono wa kushoto, nyundo kwa wa kulia. Nyundo ikapiga kidole. Ikapiga kinu. Ikapiga kidole tena. Hakunitazama. Niliona mishipa ya shingo jinsi alivyokuwa anajikaza, nikajifanya nakoroga maharage ambayo yalikuwa yameshaiva zamani.

Mwishowe akasema polepole, "Mama Neema, hebu nisaidie."

"Miye? Ile kitu miye siigusi. Unajua mwenyewe."

"Najua. Sina mtu mwingine."

Nikafuta mikono kwenye aproni, nikashika.

Ni baridi, na ni nzito kuliko nilivyodhani. Nilikuwa nimeogopa nitamwona yule mwanajeshi. Badala yake nilimwona mama, mgongo wake, akisonga ugali bila kugeuka. Machozi yakanitoka. Baba Neema akaniwekea mkono begani, nikausikia unatetemeka palepale begani, nikalia upya kwa ajili ya huo.

Kisha nikagonga. Pini haikutikisika. Nikagonga kwa nguvu zaidi, wapi. Mafuta ya cherehani yalikuwa yamekwisha na nje mvua inanyesha, kwa hiyo nikanyoosha mkono juu ya mlango nikashusha kichupa cha mafuta ya upako, yale mchungaji wetu aliyoyaombea kwa ajili ya wagonjwa. Nikatia tone kila upande. Baba Neema, Mlutheri asiyejua upako wowote zaidi ya mafuta ya mgando, akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka hivyo. Nikacheka na mimi, ingawa sijui mchungaji nitamweleza nini.

Pini ikagoma hata kwa upako. Baba Neema akavaa miwani, akainama, akajishika kichwa. Tulikuwa tunapiga upande siyo. Pini hizo zina kichwa kinene kidogo upande mmoja, nasi muda wote tulikuwa tunakisukumia kwenye tundu jembamba. Tukageuza bastola, nikagonga tena, ikadondoka ndani ya kinu. Kijino cha zamani kikatoka kwa kusukumwa na kidole gumba, kipya kikakaa mahali pake, pini ikarudi. Kazi yenyewe ni ndogo sana. Mtu mwenye mikono mizima angeimaliza kabla chai haijapoa.

Alipokwenda kunawa nilichukua kijino cha zamani, nikakipeleka dirishani, nikakisimamisha kwenye ukingo wa rula ya Neema.

Kimenyooka kabisa.

Nadhani nilijua tangu mwanzo. Yeye pia anajua, maana mtu aliyelenga miaka yote hiyo hawezi kudanganywa na chuma. Aliporudi alinikuta nacho mkononi. Tukatazamana.

"Kilikuwa kimepinda," akasema.

"Ndiyo," nikamwambia. "Kimepinda kidogo." Nikakitupa kwenye pipa la taka, nikampakulia maharage.

Sasa ni jioni. Amesinzia kwenye kochi, na hata usingizini kidole gumba kinasugua kile cha pembeni, kinasugua, kinasugua. Bastola iko ndani ya boksi lake, boksi liko juu ya kabati, na nimeshaifuta meza vizuri. Woga wangu wa leo nimeumaliza, au umenimaliza wenyewe, sijui. Umebaki huu mwingine.

Jumamosi nitakwenda naye. Sijawahi kukanyaga klabu ile, lakini nimeshamwomba mwenzangu kazini anishikie shift. Nitakaa nyuma na mkoba wangu mapajani, sitasema neno. Akikosa, atakwenda kwa GP, na ninajua watakachomwambia huko. Akipatia, atarudi nyumbani na furaha yake yote, atanisimulia njia nzima ndani ya basi, na ugonjwa utaendelea kumla kimyakimya.

Nilipokuwa naigonga ile pini iingie, nikikikaza kijino kisicheze hata kidogo, nilikuwa namwondolea mume wangu kisingizio chake cha mwisho. Nimekiondoa kwa mikono yangu mwenyewe. Nimepiga magoti hapa pembeni ya kochi kumwombea, na maneno hayaji.

Mke anayempenda mumewe anamwombea apatie, au anamwombea akose?