Makaburi Yaliyo Chini ya Kifusi

Jumatatu, 3 Machi

Bomba halikutoa maji tena. Nimechota kisimani, nimechelewa namba ya asubuhi shuleni, nimechapwa. Kawaida.

Kipindi cha Historia, Mwalimu amesema kila mmoja achague mada ya mradi. Iwe ya hapa kwetu, isiwe ya kunakili kitabuni. Wenzangu wamezigombania: ngoma za wakulima, mahari ya zamani, sungusungu, kilimo cha pamba. Mpaka nanyoosha mkono, nzuri zote zimekwenda. Alhamisi anataka jibu. Sina kitu kichwani.

Jumanne, 4 Machi

Jioni nimemsaidia Bibi Holo jikoni kwake. Ni mama yake Baba, ana kibanda chake nyuma ya nyumba yetu. Bado anapikia vinyesi vya ng'ombe. Kuni hazipo na mkaa hautaki. Moshi umemla macho miaka yote hiyo, mekundu kama mtu aliyetoka kulia. Nikamuuliza zamani walikuwa wanaishi wapi.

Akanyoosha kidole kwenye kifusi cha mgodi. "Pale."

Nikadhani anamaanisha upande wa pili.

"Chini yake, ng'wanone, mwanangu. Pale chini."

Kijiji chao chote kilikuwa pale. Mgodi ulipokuja wakaambiwa wahame, na kila familia ikaonyeshe makaburi yake yahamishwe. Bibi akaonyesha la Babu. Kulikuwa na la mtoto wake wa kwanza, wa kike, aliyekufa bado ananyonya. Halikuwa na msalaba. Jiwe tu, na majani yalikuwa yamechomwa moto, mawe yote yamefanana. Alizunguka mpaka wakamwambia, mama, gari linasubiri. Akapanda gari.

Mtoto yupo chini ya kile kilima cha mawe mpaka leo. Aliitwa Kabula.

Mimi ndiye Kabula. Hakuna aliyewahi kuniambia nimerithi jina la nani.

Nimepata mada.

Alhamisi, 6 Machi

Mwalimu ameipokea. Amesoma kichwa cha mada mbele ya darasa: makaburi yaliyobaki. Amesema hiyo ndiyo historia. Hajawahi kunisifu hata siku moja. Ameniambia nizunguke kwa wazee wengine waliohamishwa, nichore ramani ya kijiji cha zamani, makaburi yalikuwa wapi na ya nani.

Nina furaha. Naandika ili nikumbuke.

Jumamosi, 8 Machi

Nimezunguka tangu asubuhi. Wengine wamesimulia vizuri. Mzee mmoja alichora na fimbo chini mpaka mtaro wa kunyweshea ng'ombe. Wengine wakanitazama tu.

Jirani yetu Mama Shija alikuwa anaanika michembe ya viazi. Nimemwamkia, nikamuuliza ya kwao yalikuwa upande gani.

"Nani kakutuma?"

"Mwalimu, mama."

"Mwalimu anataka makaburi ya nini?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Aligeuka akatazama kwa Bibi, ambaye alikuwa amekaa nje akiota jua. Kisha akaniuliza kama bibi yangu anajua ninachokitafuta. Nikasema ndiyo, yeye ndiye aliyenianzishia.

Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu.

Jumatano, 12 Machi

Shija anaumwa. Mtoto wa darasa la pili, kila siku yupo uani kwetu na mpira wake wa makaratasi. Homa na degedege. Wamempeleka kwa mganga kwanza, zahanati baadaye.

Ramani imekaa vizuri. Nimeipaka rangi.

Ijumaa, 14 Machi

Shija amefariki.

Siwezi kuandika mengi.

Jumamosi, 15 Machi

Tumezika. Bibi alikwenda msibani na kanga yake nzuri. Alipokaa kwenye mkeka, wanawake wakasogea mbali. Walisogea tu, mmoja baada ya mwingine, akabaki na mkeka peke yake. Mama akaenda kukaa naye. Mimi nilikuwa naosha vyombo na niliona kila kitu.

Jumatatu, 17 Machi

Wamepiga ramli. Mganga hakutaja jina. Hawatajagi. Amesema aliyemloga Shija ni mwanamke mzee, jirani, mwenye macho mekundu, anayetafuta makaburi kwa kumtumia mtoto.

Kisimani hakuna aliyeitikia salamu yangu.

Shuleni nimemweleza Mwalimu. Nililia mbele yake, sikuona hata aibu. Mwalimu mzuri, alifunga ofisi akaja nami mpaka kwa Mama Shija. Akampa pole. Akasema kazi ile ameitoa yeye mwenyewe, ni ya shule, bibi hahusiki. Alisema kwa upole, kwa maneno mengi.

Mama Shija alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Mwalimu, wewe umekuja juzi, kesho utahamishwa. Mimi mwanangu yuko ardhini. Unaniambia habari za shule?"

Mwalimu akaaga. Njiani akaniambia nichague mada nyingine.

Jumatano, 19 Machi

Asubuhi Mama amekwenda kumwamsha Bibi. Mlangoni kwake kumeegemezwa panga. Jipya. Si letu.

Baba amekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Amerudi haraka mno. Mwenyekiti amesema atazungumza na watu, lakini hawezi kulala mlangoni kwetu. Ni bora Bibi aondoke kwa muda. Polisi wameandika maelezo, wakauliza tunamshuku nani. Baba amesema hajui. Anajua. Sote tunajua, na sote tutaendelea kuchota maji kisima kimoja nao.

Panga lile Baba amelitupa chooni.

Hajanigombeza. Amesema tu, "Hiyo ramani iko wapi?" Nikampa. Akaitia jikoni, kwenye moto wa Mama.

Alhamisi, 20 Machi

Bibi ameondoka na basi la alfajiri. Baba amemsindikiza mpaka Ibadakuli, kwa baba mdogo. Kuku wake tumewachinja jana. Bibi hakutaka kuondoka. Alisema yeye hajamfanyia mtu kitu, na anayekimbia ndiye anayesema ni kweli. Baba, mtu mzima yule, alipiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, nakuomba. Sitaki kukukuta mlangoni."

Ndipo akakubali kufunga vitu vyake. Vimeenea kwenye mfuko mmoja wa salfeti.

Kabla ya kupanda bodaboda ya kwenda stendi aliniita. Nilimwambia nisamehe, Bibi, kosa ni langu. Akasema, "Hata usingeuliza. Walikuwa wananitazama siku nyingi." Alisema ili nitulie. Sijatulia.

Ijumaa, 21 Machi

Mada mpya: kilimo cha pamba. Tuko wengi tunaoiandika. Mwalimu ameweka sahihi bila kunitazama.

Jumatatu, 31 Machi

Nimekusanya mradi. Mbegu, palizi, kuchuma, bei. Hakuna mtu ndani yake.

Baba ameezua kibanda cha Bibi. Anasema mabati yataoza bure. Nimeelewa kwamba harudi.

Mama Shija amemsalimia Mama leo. Wameongea juu ya mvua.

Jumatano, 9 Aprili

Likizo. Nimefika Ibadakuli jana, kupitia Ushirombo na Kahama. Kagongwa basi liliharibika, tukakaa juani.

Nyumba ya baba mdogo ni ya kupanga, wapangaji wengine uani. Bibi anakaa chumba cha ndani. Mama mdogo ni mwema, anamlisha vizuri, anampikia uji. Lakini hataki atoke wakati wapangaji wapo. Amemnunulia sokoni miwani nyeusi, ile ya vijana wa bodaboda, yenye maandishi pembeni. Watu wasione macho, wasianze kuuliza.

Nimemkuta amekaa kitandani, ameivaa, anabangua karanga kwenye ungo. Dirisha limefungwa. Nimemwamkia. Ameitikia, akanitengea nafasi pembeni yake, nami nikaanza kubangua.

Hatukuongea juu ya nyumbani. Ndege ilipita juu, ikitua, kuta zikatetemeka. Hakushtuka.

Nikamwambia, "Bibi, tuko wawili tu. Vua."

Akaigusa kidogo kwa kidole, akaiweka sawa puani.

"Nimeizoea," akasema. Akaendelea kubangua, akipapasa ungoni kutafuta zilizobaki.