Nyigu kwenye Kaseti ya Mama

Rabaul, 9 Machi 1998

Kaka ToKaul,

Nisamehe kwa kimya. Barua hii nimeianza tangu Krismasi. Mtoto akiamka, naiacha. Hatujambo, ila kikohozi cha jivu la mlima wa volkano. Habari za Brisbane?

Mashine yako ya kurekodi imenichosha. Nikiweka kaseti ya mama inavuma kama nyigu ndani ya chupa, yeye simsikii. Kwenye redio ya kaseti ya kawaida anaimba polepole kama mlevi, kwa hiyo ni mashine hii tu. Karamu ya kumkumbuka ni Agosti, na mashangazi nimeshawaahidi watamsikia. Nifanyeje?

Mdogo wako,
IaVinai

Brisbane, 2 Aprili 1998

Mdogo wangu,

Mimi mzima, kazi tu. Mashine haina kosa, ni nyie! Wanao wameibonyeza kwa vidole vya mafuta ya nazi, sivyo? Futa kichwa kinachogusa utepe kwa spiriti, zima friji isivurugie umeme, funika jivu lisiingie. Spiriti na pamba nimetuma. Usiguse kingine.

Kaka yako,
ToKaul

Rabaul, 20 Julai 1998

Kaka,

Nimechelewa tena, mtoto alilazwa. Sasa mzima, anang'ata kila kitu. Wewe hujambo?

Nimefuta mpaka pamba zimekwisha. Nilizima friji, samaki wakaoza, mume wangu akaniuliza, "Leo tunakula kaseti?" Nyigu yuko palepale.

Basi nikagusa kingine. Nilipotoa kaseti, mashine ilinyamaza. Nikairudisha, nikashusha sauti zote nne, maana kila moja ilirekodiwa peke yake na ina kitufe chake, nikapandisha moja moja. Ya kwanza, ngoma: safi. Ya tatu, ukulele: safi. Ya nne ni mama, nasikia hata anavyovuta pumzi. Nililia, kaka. Nyigu yuko kwenye ya pili, na ya pili ni gitaa lako. Ule waya wake uliokatika ukauzungushia plasta! Mama alikuambia, "Hilo linalia," ukamjibu hajui mitambo.

Kwenye kaseti sijafuta sauti yoyote. Lakini ukibaki huko, karamuni nitakushusha, mama aimbe bila wewe. Hukumzika, kwenye wimbo wake usikosekane. Ya pili inaweza kurekodiwa upya bila kumgusa yeye, ila mpigaji awe hapa.

Spiriti usitume tena. Ninachohitaji bado: waya mpya wa gitaa, nyuzi, dawa ya fizi za mtoto, na tarehe utakayoshuka uwanja wa ndege wa Tokua.

Mdogo wako,
IaVinai