Brightson, Wimbo Wako wa Tisa Umetoka

Mwaka umetimia, Brightson, tangu Jumanne ile ulipoinamia madaftari ya Kidato cha Pili katika ofisi ya walimu, kalamu nyekundu mkononi, na hukuinuka tena. Ulikuwa na miaka thelathini na minane. Madaftari yaliyobaki aliyasahihisha mwalimu mwenzako, Edgar. Anasema wanafunzi wamekataa kufuta jina lako kwenye ratiba ya ukutani, naye hajawalazimisha.

Tunakukumbuka kwa mambo madogo. Ulikuwa mchoyo wa maneno na mkarimu wa sukari. Hukuja nyumbani Temeke bila kilo moja mkononi, hata tulipokuambia ya wiki jana bado ipo. Chai ulinywea kwenye kifuniko cha chupa na vikombe vimejaa kabatini. Na lile koti jeusi ulilivaa hata Januari, jua likiwaka, mpaka wanafunzi wakakuita Ticha Koti. Mkwe tuliyeahidiwa kila Krismasi hatukumwona, lakini hilo tumeshakusamehe.

Mama yako, Auleria, hakulia. Tunakuambia kwa sababu hukupenda kufichwa mambo. Siku ya mazishi alihesabu sahani za kukodi, akawaaga wageni wa Marangu, akafunga geti. Majirani wakamsifu kwa kujikaza, kumbe hakuwa amejikaza. Miezi kadhaa baadaye, wakichambua mchele, alimwambia dada yako Loveness: "Mwanangu, mie sihisi kitu. Ni kama mguu ulioulalia ukafa ganzi. Najua upo, ila si wangu."

Ilipofika siku ya kugawa nguo zako, ukoo ulikaa sebuleni na shangazi mmoja akataka mifuko ipekuliwe kwanza, kama inavyofanyika kila msiba. Mama yako akakataa. Alisema mwanawe hakupekuliwa akiwa hai, na leo hatapekuliwa. Basi nguo zikatoka hivyo hivyo, na koti likaenda kwa binamu yako Kornelio wa Buguruni, kwa kuwa ndiye pekee mwenye mabega yako.

Sasa, kwa wanaosoma hapa bila kukujua: kabla hujawa mwalimu ulikuwa na bendi. Iliitwa Nondo. Wewe gitaa na sauti, Najma gitaa la besi, na Taher, mtoto wa mzee Husseinali wa duka la vitambaa, alikuwa kwenye ngoma. Muziki wenyewe, roki ya makelele, mliuita posti-hadikoo. Baba yako, mzee Gibson, aliuita ugomvi wa mabati. Mwaka 2012 mlirekodi albamu nzima, *Leo Hakuna Maji*, mkaizungusha redio zote za mjini, na hakuna hata moja iliyoipiga. Mwaka uliofuata bendi ikafa, ukashika chaki.

Miezi mitano baada ya kukuzika, Taher alikuja nyumbani. Ana mvi sasa, na bado anagongagonga meza kwa vidole. Aliamkia, akanywa chai, kisha akaeleza kwamba kampuni ndogo ya nje imesikia nyimbo mbili ambazo Najma aliziweka mtandaoni, na inataka kutoa albamu yote, hata kwenye santuri. Nyimbo nane anazo. Wa tisa, "Geti la Nyuma", ulibaki kwenye flashi yako tu, na hukutembea bila hiyo flashi mfukoni. Bila wimbo huo, alisema, hatii saini, kwa sababu ndio uliokuwa ukiupenda kuliko yote.

Mama yako aliposikia jina la wimbo aliweka sinia chini. Aliujua. Mliurekodi Alhamisi moja kwenye stoo ya nyuma, na Alhamisi hiyo hiyo jumuiya ilikuwa kwake. Akina mama wamefungua Biblia, vioo vya dirisha vinatetemeka. Aliinuka, akaenda ukumbini, akazima meni swichi. Ngoma zikaendelea kidogo, akina mama wakapandisha pambio kuzifunika, na mambo yakaishia hapo. Hukuleta tena vyombo vyako nyumbani. Tangu siku hiyo mama yako aliamini kwamba hakukata umeme tu, alikata na bendi. Hakukuambia wala hukumuuliza. Mlikuwa mnaulizana tu kama mmekula.

Akavaa kitenge chake cha kutokea, wakaenda Buguruni na Taher kulifuata koti lako. Kornelio alilitoa koti, safi, limepigwa pasi. Alikuwa amelifua mara tatu na hajatia mkono mfuko hata mmoja.

"Mama mkubwa, ulisema asipekuliwe," alijitetea. "Mie hela yangu naweka kwenye soksi."

Hata sasa hakutaka kutia mkono wake mfukoni. Akamkabidhi mama yako koti. Mama yako alilishika muda, watu wakipita na viroba vya vitunguu. Kisha akasema, "Samahani, baba," kwa sauti ile ya kukuamsha usichelewe shuleni, akaingiza mkono mfuko wa ndani. Kulikuwa na kalamu nyekundu, na flashi yenye povu la sabuni lililokauka.

Wiki nzima ilikaa dirishani ikipigwa na jua. Wakaipeleka dukani kwa mzee Husseinali, kwenye kompyuta ya Taher, katikati ya majora ya vitambaa. Mara ya kwanza haikusoma. Taher akaifuta kwa ncha ya kanzu yake, akairudisha, ikasoma.

Wimbo ulianza kama zote, wewe ukipayuka maneno ambayo sisi hatujawahi kuyashika. Dakika ya pili gitaa likafa ghafla, na besi nayo. Umeme ulikuwa umekatika, ila kompyuta ilikuwa na chaji, kwa hiyo ikaendelea kurekodi. Mama yako akaganda kwenye stuli. Kwenye spika ukasikika ukicheka, ukasema: "Mama kazima. Twendeni." Ngoma zikashuka, zikawa polepole, na nyuma ya ukuta zikaja sauti za jumuiya, pambio lao, Taher akilifuata kwa vijiti. Ukaimba ubeti wa mwisho juu yao, bila kupayuka. Mwishoni ukasema: "Usiirudie, Taher. Iache hiyo hiyo."

Taher akamgeukia. "Mama, bendi ilikufa kwa sababu sie tulipata kazi. Si swichi." Mama yako akaomba maji ya kunywa. Ganzi haikutoka siku hiyo, na hatutakudanganya kwamba ilitoka.

Waswahili wana neno lao, kawia ufike. Albamu yenu imetoka wiki hii, miaka kumi na mitatu baada ya kurekodiwa, ikiwa na nyimbo zote tisa. Najma amepiga simu analia na kucheka. Mzee Gibson ameisikiliza yote amevaa miwani, kana kwamba itasaidia, akasema bado ni ugomvi wa mabati, kisha akauliza santuri inauzwa wapi.

Jumapili mchana, baada ya ibada yako ya mwaka, jumuiya ilikaa sebuleni palepale. Loveness akaupiga wimbo wa tisa, sauti mpaka mwisho, vioo vikatetemeka kama zamani. Mama yako akatoka, tukamwona amesimama ukumbini chini ya meni swichi. Pambio lilipoanza, akina mama wakajitambua, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kuliitikia. Mama yako alisimama pale mpaka ulipomaliza, mikono ndani ya kitenge. Hakuigusa swichi. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Loveness," akasema, "rudia."

Tukarudia.

Unakumbukwa na baba yako mzee Gibson, mama yako Auleria, dada yako Loveness, binamu yako Kornelio ambaye sasa anaweka hela mfukoni, mjomba Albano na ukoo wote wa Marangu, mwalimu Edgar na wanafunzi wako, Taher na Najma wa Nondo, na jumuiya ya Alhamisi. Maadamu sisi tupo, Brightson, jina lako litatajwa nyumba hii, na swichi itabaki imewashwa.