Nusu Saa Hadi Pemba

Mjukuu wangu Rukia,

Pokea salamu zetu kutoka Suneka. Sisi wazima, ila babu yako bado anakohoa. Umeuliza kama safari ya ndege kutoka Unguja hadi Pemba ni ndefu, maana unaiogopa. Ni nusu saa tu, mama.

Miaka ya sabini, dada yangu Zainabu, aliyeolewa Pemba, aliugua sana akaniita. Kutoka huku kwetu Kisii nilifika Unguja salama, lakini ndege ikanitia hofu. Nikangoja meli siku mbili. Nilimkuta amezikwa jana yake.

"Alikuulizia mpaka mwisho," shemeji akaniambia. "Mbona hukupanda ndege?"

Nikamjibu kwamba ndege ilikuwa imejaa. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa ukweli.

Nyanya yako,
Mwanaisha