Mwambie Elsie Kosa Lake

Dunga, Kisumu
14 Juni 2025

Mpendwa ndugu yangu Ooko,

Mko salama huko Lusaka? Mgongo wako umepoa? Na kikohozi cha Metrine? Sisi tu wazima, ila mvua imewatesa waanika dagaa wa omena, nami situlii. Barua hii naiandika nikikaa na kusimama, na nitaipiga picha nikutumie kwa simu leo hii.

Ni Elsie, mtoto wa marehemu dada yetu. Anataka kuacha masomo ya ubingwa wa upasuaji. Jumatatu anapeleka barua ya kujiondoa.

Juzi, wakizunguka wodini, mkuu wake aliutazama mshono wa Elsie akasema mbele ya mgonjwa, "Daktari, hata washona viatu wa Kondele wangeona aibu." Wenzake wakacheka. Mkuu akaenda kitanda kingine.

Nilimuuliza Elsie kosa lilikuwa nini. Hajui! Alidhani nyuzi zimelegea, basi tangu siku hiyo anazidi kukaza. Hata mguu wa meza yangu umejaa mafundo yake.

Unanijua. Nilimvizia mkuu huyo nje ya hospitali, nikamlaumu kwa maneno yale.

"Mama, sisi pia tulifokewa hivyo, na tukawa mabingwa."

"Mabingwa wa nini, Daktari? Wa kufoka?"

Akacheka kidogo. Nikamuuliza kosa la msichana.

"Anakaza mno. Ngozi inakosa damu."

"Ulimwambia?"

"Kwani haoni?"

Ooko, maneno mawili tu! Aliyameza, mtoto akakimbilia upande usiofaa, na wagonjwa wanalipa kwa ngozi zao. Halafu wakuu kama huyu wanajisifu kuwa ni wakali. Huo ni uvivu. Mkali wa kweli humwita mtu kando, akamwonyesha palipoharibika, kisha akasimama hapo hapo mpaka ajaribu tena. Wewe nawe unafundisha madaktari upasuaji. Jiulize wanaondoka kwako wakijua nini.

Nilimpelekea Elsie maneno hayo. Akajibu, "Anti, unanifariji tu." Mimi, kufariji!

Kwa hiyo mpigie kesho baada ya kanisa, kwa video. Afunge uzi huku ukimtazama. Usimbembeleze, usimtukane. Mwambie unachokiona, afunge tena. Na kama mkono wake haufai kwa kazi hii, mwambie hivyo pia, na sababu. Akiacha, aache akijua. Asiondoke kwa sababu ya kicheko.

Msalimie Metrine, na Shantel umwambie shangazi anadai picha. Mungu akupe ulimi mkweli na subira ya kuutumia.

Dada yako akupendaye, hata akikugombeza,
Lornah