Malta kwa Hesabu ya Ng'ombe

Kahama, Jumanne usiku

Na bado Baba Neema anahesabu kwa mifugo! Neema anasoma bei kwenye simu, baba yake anafumba macho kutafuta mnyama wa kuilipa. Tiketi moja ya ndege, ng'ombe watatu. Hoteli ya kati, wala si ya kifahari, usiku mmoja mbuzi wawili.

"Mbuzi wawili kwa kulala tu?"

Amenikera. Malta, kisiwa alichookokea Mtume Paulo meli ilipovunjika, nimetamani kukiona tangu usichana wangu, na ni yeye aliyeniahidi kwamba tukistaafu tutakwenda.

Lakini ukame umetuachia ng'ombe sita. Tumefuta hoteli, tukaweka chumba cha kupanga. Tumefuta boti ya kuzunguka kisiwa. Tumefuta hata zawadi za wanajumuiya. Haitoshi, na sioni itakavyotosha.

"Tupunguze nini tena, Mama Neema?"

Nilitazama bei ya tiketi kwenye simu ya Neema. Kilichobaki cha kupunguza ni tiketi, yake au yangu.

Akaliona hilo. Akasema taratibu, kama mtu anayeagiza chumvi, "Basi nenda wewe. Utakuja kunisimulia."

Nimsimulie nini, na nilitaka tukione sote?